Kwenda Nairobi kumwona ndugu yake Askari wa Posta

Kazi yangu ni kuchonga vibao vya makaburi. Niko Kinondoni, mwaka wa ishirini na saba huu. Nilianza kama kijana wa kumwagia jiwe maji wakati fundi wangu anakata na grainda, leo nina vijana wawili wanaonimwagia mimi. Nachonga mashahidi ya makaburi ya Waislamu na misalaba ya Wakristo, na kuna mteja mmoja aliwahi kuleta jina la mbwa, nikachonga. Nalipwa kwa herufi. Kwa hiyo nikiona maandishi popote nahesabu, hata mabango ya kampeni nahesabu. Mke wangu ameshazoea.

Nayasema haya mapema ili msishangae mbele ya safari. Mtu wa kawaida akienda kutembea mji mkuu wa watu anapiga picha maghorofa. Mimi siku mbili zangu za Nairobi nimezimalizia chini ya masanamu, nimeinama, nasoma miguu yao.

Chanzo ni Askari wa Posta. Kila anayeshuka mjini Dar anamjua, yule wa makutano ya Samora na Maktaba, ameinamia bunduki yenye singe, anaelekea bandarini kama mtu aliyesikia kelele. Wazee wa mjini wanaliita Sanamu la Bismini. Pale pale zamani Wajerumani walimsimamisha mtu wao, gavana von Wissmann, mwaka 1909. Waingereza walipoingia mjini 1916 wakamng'oa, na 1927 wakamweka huyu Askari. Mwaka juzi mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa historia aliyekuja kuchongesha kibao cha mkewe, akaniambia: "Fundi, yule ana ndugu yake Nairobi. Mkono uliomtengeneza ni mmoja." Mkono wenyewe ni wa Mwingereza, James Alexander Stevenson. Nikamwambia mwalimu nitakwenda kumwona. Akacheka. Lakini mimi mtu akiniambia kuna kazi nyingine ya fundi yule yule siwezi kukaa, ni kama kusikia una kaka wa baba mmoja mji wa pili.

Nairobi ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anafanya kazi za kompyuta na amepanga Ngara. Nikampigia. "Mjomba, njoo tu," akasema, "ila beba sweta." Sikubeba. Nilibeba shati la mikono mirefu, nikaona linatosha.

Safari ya basi sitaisimulia, ni kukaa. Alfajiri mpaka usiku, Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha, Namanga unashuka unagongewa pasi, unapanda tena. Nilipoamka kesho yake Ngara, mwezi wa Agosti, ule ubaridi ulikuwa umekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Mpwa wangu akanipa sweta lake la chuo. Likanibana tumbo, lakini nilishinda nalo siku zote mbili na katika picha zote nimo nalo.

Kifungua kinywa kilikuwa chai ya maziwa na chapati. Sikuomba maziwa, Nairobi ukisema chai ndiyo hiyo. Ukitaka ya rangi unajieleza.

Tulitaka kupanda matatu kwenda katikati ya mji. Kondakta akapiga kelele, "Mbao! Tao mbao!" Mimi nikageuka kutafuta mbao zilipo, nikidhani labda jirani kuna fundi seremala. Mpwa wangu alicheka mpaka akashika nguzo. Tao ni mjini, na mbao ni shilingi ishirini. Basi tukaamua tutembee kwa miguu, ni karibu, na ndiyo hapo nikakiona kibao cha kwanza kilichonisimamisha: KARIOKOR. Herufi nane. Soko la Kariokor, hapo hapo jirani na Ngara.

Sisi tuna Kariakoo, wao wana Kariokor, na neno ni lile lile, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya kwanza. Nilijua hilo kwa kusikia. Kuliona limeandikwa kwenye kibao cha mji mwingine ni jambo jingine. Nikamwambia mpwa wangu, "Unajua babu yake babu yetu alikuwa mmoja wao?" Hakujua. Kwetu Handeni inasemwa tu kwamba mwaka 1917 walikuja watu wakachukua vijana wa kubeba mizigo, na yeye akaenda, na hakurudi. Wengine katika ukoo wanasema alibebea Waingereza, wengine wanasema Wajerumani. Basi, hapo hadithi inaishia.

Tukaingia mjini.

Nianze na Tom Mboya, aliyekuwa waziri wa Kenya, maana ndiye wa kwanza kukutana naye, Moi Avenue, karibu na jengo la Nyaraka za Taifa. Amesimama juu, amevaa joho, na miguuni pake kuna heroe. Mimi mwanzoni nilidhani heroe ni mapambo ya fundi aliyebakiwa na shaba. Mpwa wangu akanieleza kuwa Mboya ndiye aliyehangaika kuwapeleka vijana Marekani kusoma, ndege ya kwanza ya 1959 ilibeba wanafunzi 81, kwa hiyo ndege wa kuruka wana maana yao. Sawa. Sanamu iliwekwa 2011. Mwenyewe alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi, akitoka duka la dawa kwenye barabara hii hii, wakati huo ikiitwa Government Road. Alikuwa na miaka 38. Watu wamekaa kumzunguka wanakula karanga, wanasubiriana. "Tupatane hapo Tom Mboya," nilisikia binti akisema kwenye simu. Nikafikiri, huyu amepona kusahaulika, amekuwa kituo.

Mbele kidogo lipo lile jengo la mviringo la hoteli ya Hilton, iliyofungwa mwisho wa 2022, na upande wa pili, mwanzo wa Kimathi Street, amesimama Dedan Kimathi mwenyewe, yule kiongozi wa Mau Mau. Hapa nilikaa muda.

Ni shaba. Bunduki mkono wa kulia, jambia mkono wa kushoto. Aliyemtengeneza ni Mkenya, Kevin Oduor, na walimzindua tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu siku aliyonyongwa katika gereza la Kamiti. Kazi safi. Mtu anayechonga atakwambia kwamba shida haiko kwenye uso, uso kila mtu anauhangaikia. Shida iko kwenye mikono, maana mikono inamfichua fundi mvivu. Mikono ya Kimathi imeshika kweli, siyo kwamba bunduki imebandikwa. Nikazunguka nyuma kuona migongo ya vidole. Kisha nikachuchumaa kwenye jiwe la chini, nikaanza kulikwaruza kwa ukucha nijue ni granaiti ya unene gani au wamebandika tu.

"We mzee! Unafanya nini hapo?"

Alikuwa mlinzi wa jengo moja la jirani, na rungu lake. Mpwa wangu akaanza kueleza kwa Kiingereza, nikamzuia. Nikamwambia, "Shikamoo," kwa kubabaika, na yeye ni kijana mdogo kwangu. Akashangaa, akaitikia "Marahaba" kwa aibu, na hasira ikaisha palepale. Nikamweleza kazi yangu. Akauliza, "Sasa hapa Nairobi nani anakufa umchongee?" Tukacheka watatu. Akatuambia kuna watu huja na kuweka maua kila Februari.

Lakini nilichokuwa nakifikiria pale chini ni hiki. Kimathi ana sanamu, ana barabara, ana chuo kikuu kule Nyeri. Kaburi hana. Walimzika ndani ya eneo la gereza bila alama, familia haikukabidhiwa mwili. Mkewe, Mukami, ameishi mpaka Mei 2023, miaka sitini na sita ya ujane, akaondoka bila kumzika mumewe. Katika kazi yangu huwa wanakuja watu wenye kaburi wasio na hela ya kibao. Hapa kibao kipo, kikubwa, cha shaba, katikati ya mji mkuu, na kaburi ndilo halipo. Sijawahi kupata oda ya namna hiyo na sijui ningeiandikia nini.

Kenyatta Avenue ni pana kupita kiasi, inasemekana waliipima kwa mkokoteni wa ng'ombe wengi uweze kugeuka. Na pale kwenye kisiwa cha katikati ya barabara, magari yakipita huku na huku, wamesimama.

Nilitegemea mmoja. Ni watatu. Wa kwetu yuko peke yake na ana haraka, hawa wamesimama wima, wametulia, na mmoja wao ni mpagazi. Nilimwambia mpwa wangu, "Huyu hapa." Hakuelewa namsema nani. Kwetu Dar Askari yuko juu ya jiwe na mpagazi hayuko naye juu pale. Huku fundi yule yule, mwaka mmoja baadaye, 1928, amempandisha mpagazi kwenye jiwe moja na wenye bunduki. Sijui alifikiria nini katikati ya kazi mbili hizo, lakini nilifurahi kama nimeitwa mimi kupanda.

Halafu nikainama kwenye maandishi, na hapa ndipo pa kazi yangu.

Yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu. Maneno aliyatunga mwandishi Mwingereza, Rudyard Kipling. Yanasema hii ni kumbukumbu ya askari wenyeji waliopigana, na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliotumika na kufa Afrika Mashariki katika vita ya 1914 hadi 1918. Kisha mwishoni yanasema, kwa maana yake, kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nilisoma mara ya kwanza. Nikasoma mara ya pili. Nikazunguka jiwe lote, upande kwa upande, nikipitisha kidole, nikitafuta. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, umepoteza nini?"

"Jina."

Hakuna. Jiwe linakuahidi kuwa jina lako litakumbukwa, na halijaandika jina hata moja. Mimi mteja akiniletea maneno ya "hatutakusahau kamwe" bila jina la marehemu, namrudisha nyumbani akalilete. Siwezi kuanza. Jina ndilo linaloanza, maneno mengine ni ya kujaza nafasi iliyobaki.

Halafu kwa tabia yangu nikapiga hesabu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kupita 90,000, njaa, kuhara, malaria, mizigo. Tuseme 90,000. Mimi nikiamka vizuri, tindo kali, umeme haujakatika, nachonga herufi mia kwa siku. Jina la mtu na la babaye linakula kama herufi kumi na nne. Ni majina saba kwa siku. Nikatoa simu nikagawanya: siku 12,857. Miaka thelathini na tano, bila Ijumaa, bila Idi, bila kuumwa mgongo. Ningeanza siku niliyoshika nyundo mara ya kwanza, leo nisingekuwa nimemaliza.

Inawezekana basi ni gharama tu iliyowashinda. Lakini sidhani. Mpwa wangu alikuwa anasoma kwenye simu yake habari za huyu Kipling, akaniambia mtoto wake wa pekee wa kiume aliuawa Ufaransa 1915 katika vita hiyo hiyo, na mwili haukutambuliwa baba yake akiwa hai. Hapo nikanyamaza kidogo. Mtu huyo alijua kutafuta jina kwenye jiwe ni nini.

Sasa sikieni kichekesho. Ukifuata barabara hiyo hiyo mpaka pembe ya Koinange Street kuna mnara mwingine, wa 1939. Huo una jina, tena refu: Lionel Douglas Galton-Fenzi. Alifanya nini? Alianzisha chama cha wenye magari mwaka 1919, na 1926 akaendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa. Wameandika hadi umbali wa miji. Simdharau, njia ilikuwa vumbi na simba. Ila aliyekwenda kwa gari ana jina kwenye jiwe, na waliokwenda kwa miguu na mzigo kichwani, hatua chache tu kutoka hapo, hawana. Herufi zake nilizihesabu kwa hasira kidogo. Ishirini na nne na kistari.

Adhuhuri ikatukuta karibu na Jamia, tukaswali. Msikiti mzuri sana, wa miaka ya 1925 hadi 1933, minara miwili na makuba yenye mistari, na ndani kuna ule utulivu wa zulia nene. Nje, jirani kabisa, ni maktaba ya McMillan ya 1931, na mlangoni wamelala simba wawili wa mawe. Nilipapasa mmoja kichwani. Mpwa wangu akasema zamani maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka 1958. Simba hawakusema kitu.

Mchana tulikula chapati na maharage, wao wanaita chapo madondo, sahani imejaa mpaka inatisha, kisha tukaenda KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa. Naomba nisiseme mengi. Ghorofa 28, urefu mita 105, lilifunguliwa 1973, wasanifu wake ni David Mutiso na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik. Lilianza kama wazo la makao makuu ya KANU, chama kilichokuwa kinatawala. Unalipa, unapanda, juu upepo unataka kukuchukua na sweta lako, unaona mbuga ya wanyama upande mmoja na mji upande mwingine. Nzuri. Uwanjani chini ameketi Mzee Kenyatta wa shaba, kazi ya Mwingereza James Butler, ya mwaka huo huo 1973. Ameketi kama mwenye nyumba. Watu wanapiga picha naye, mpiga picha wa pale alitaka kutupiga kwa bei ya kutisha, tukakataa. Kaburi lake liko ng'ambo, ndani ya viwanja vya Bunge, linalindwa na wanajeshi na huingii hivi hivi. Mimi mtu wa makaburi nilisimama barabarani nikichungulia uzio mpaka mpwa wangu akanivuta mkono. "Mjomba, hapa hawajui shikamoo."

Jioni nilikuwa nimechoka, nikaona kwa mbali tu mnara wa Nyayo, ule mkono ulioshika rungu unaotokeza kwenye mlima wa kuchonga, wa 1988. Mkono mkubwa. Basi.

Kesho yake asubuhi tulienda mahali ambapo kwa kweli sikutaka kwenda, na mpwa wangu aliling'ang'ania. Pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie, palipokuwa ubalozi wa Marekani.

Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa. Mimi nilikuwa mwanagenzi, mwezi wa tatu kazini, Kinondoni. Saa nne na nusu hivi asubuhi tulisikia kishindo upande wa Oysterbay, ndoo ya maji ikatikisika, na fundi wangu akasema, "Mtungi wa gesi huo." Haukuwa mtungi. Dar walikufa watu 11. Mchana redio ikasema Nairobi wamelipuliwa dakika zile zile, na idadi ikawa inapanda kila habari, mpaka ikafika 213.

Sasa ni bustani. Unalipa kidogo mlangoni, ndani kuna nyasi, mabenchi, wafanyakazi wa ofisi wanakula machungwa. Palepale jirani kulikuwa na jengo la Ufundi, ndilo lililoanguka lote. Na kuna ukuta wa majina.

Nimeshasoma majina ya marehemu mengi kuliko sala nilizoswali. Kwangu ni kazi, nasoma kutafuta makosa. Nilianza hivyo pia, kwa jicho la makosa: nafasi kati ya herufi, mstari umenyooka, kina kimelingana. Nilipofika kama safu ya tatu nikaona sisomi tena makosa. Wanjiku, Otieno, Mutua, Patel, Hassan, sina hakika hata mpangilio, nilikuwa nasoma kama mtu anayeitwa kwenye foleni anayesubiri lake. Mama mmoja aliyekuwa anafagia alipita nyuma yangu akasema taratibu, "Pole." Alidhani nina mtu pale. Nikamwitikia, "Asante, mama." Sikumsahihisha.

Waliokufa 213, majina saba kwa siku. Mwezi mmoja. Hiyo ni kazi ya mwezi mmoja tu, na angalia inavyomsimamisha mtu.

Tulipotoka mpwa wangu akauliza kama nataka kurudi nyumbani kulala. Nikamwambia hapana, nipeleke kwenye kaburi la kweli, sasa nataka kuona kaburi. Akafikiri, akasema, "City Park basi."

City Park iko Parklands, kutoka Ngara si mbali. Ni msitu mdogo ndani ya mji, na wenye mji ni kima. Tulikuwa na ndizi nne kwenye mfuko wa karatasi. Sikuona alivyoshuka, niliona mkono mweusi mdogo umeingia mfukoni kama wa mtu anayechukua chenji yake, kisha yuko juu ya mti na ndizi mbili, anamenya. Mwenzake akakaa njiani akitutazama kama kanjo, askari wa jiji, anayesubiri cha juu. Tukaacha zilizobaki hapo hapo.

Ndani ya bustani hiyo amezikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966, mtu aliyekusanya vitabu na sanaa za Afrika nyingi hata zikajaza sehemu ya lile jengo la Nyaraka tulilopita jana. Alifariki 1990. Angeweza kupata eneo kubwa kokote. Alitaka azikwe karibu na rafiki yake mwanasiasa, Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Februari 1965. Kwa hiyo wako hapo, yeye na mkewe, na rafiki yake hatua chache kando, na bustani ndogo ya vinyago imewazunguka. Hakuna mlinzi mwenye rungu. Vijana wawili walikuwa wanasomea mtihani kwenye benchi.

Nilikaa hapo kuliko mahali popote Nairobi. Pio Gama Pinto, herufi kumi na mbili. Joseph Murumbi, kumi na tatu. Mpwa wangu alikuwa amechoka na hesabu zangu lakini akaniuliza swali moja, "Na yule wa Handeni, jina lake lina herufi ngapi?"

Nikafungua mdomo nikaona sina. Nikampigia dada yangu palepale, yeye ndiye mkubwa. Akasema, "Si tunamwita Babu Mpagazi?" Nikamwambia hilo si jina, hiyo ni kazi yake. Akasema ngoja nimuulize mama mkubwa wa Korogwe. Mama mkubwa hana simu ya maana, inabidi mjukuu wake arudi kutoka shule. Jibu lilinikuta kesho yake kwenye foleni ya Namanga, ujumbe wa sauti wa dakika nne, dakika tatu ni salamu na habari za mahindi, na mwishoni jina. Nilifurahi nikamtumia kaka yangu. Kaka yangu akajibu kwamba mama mkubwa amechanganya, hilo ni la mdogo wake marehemu, baba alikuwa anataja jingine.

Wanabishana mpaka leo kwenye kundi la ukoo. Mimi nimetenga kipande cha granaiti kilichobaki kwenye kazi ya mtu, futi moja na nusu kwa moja, nimekipiga msasa mpaka kinaonyesha uso, nimeshachora mistari miwili kwa penseli. Vijana wangu wameshauliza mara mbili ni cha nani, nimewaambia wasikisogeze.